Painti moja ya damu Malindi, na homa iliyokuja siku ya pili yake

Kisa hiki nakiandika kwa urefu manake nilikuwemo ndani yake mwanzo mpaka mwisho, na nikiangalia mvua zinavokuja na mapipa yanavojaa maji huku mtaani naona bora watu wakijue mapema kuliko kuja kuulizana wakati mtu yuko kitandani.

Mie ni mhudumu wa afya wa mtaa hapa Malindi, upande wa Barani, lakini nimezaliwa Lamu. Jirani yangu ana binti wa miaka 6 mwenye sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaovunja seli nyekundu za damu, na nyie mnaoishi pwani mnajua sikoseli huku kwetu si jambo geni, kila mtaa una mtoto au wawili. Jumanne moja asubuhi mamake akaniita nikamuangalie, macho ya njano, viganja vimepauka hata ile mistari ya mkono haionekani, anahema haraka. Tukapanda tuktuk mpaka hospitali moja ya hapa mjini. Wakampima, damu (yaani hemoglobini, kwa gramu kwa desilita) iko 4.1. Kwa mtoto aliyekuwa anahema vile hiyo si ya kungoja, wakamtundikia damu mchana huohuo kutoka kwa ile iliyokuwepo frijini, afu familia ikaambiwa ilete watu wa kutoa damu ili friji lisibaki tupu.

Akaja mjombake. Ni fundi wa makuti, mtu mzima mwenye nguvu zake, hana sigara hana nini. Akaulizwa maswali ya fomu kama ana homa, kama ametumia dawa, kama amewahi kuugua manjano, akapimwa uzito, joto, presha, damu yake, yote sawa. Akatoa mililita 450, akapewa soda na biskuti, akapewa kadi ndogo, akarudi kazini kupanga makuti kama kawaida. Hakuficha kitu. Hilo nalisema mapema manake baadaye kuna watu mtaani walisema alijua ni mgonjwa akanyamaza, na si kweli kabisa, siku ile alikuwa mzima kama mie na weye.

Alhamisi alfajiri ndo mambo yakageuka. Aliamka kwa swala akashindwa kukaza mfereji wa maji, vidole havikunji, vifundo vya mikono na vya miguu vinauma kama vimepigwa nyundo, kichwa nyuma ya macho kinagonga, mwili moto. Mkewe akanipigia simu mie, wala si hospitali. Nilipofika nikamkuta Fundi amekaa kwenye mkeka ameshika ile kadi ya damu baina ya viganja viwili kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto, manake vidole vilikataa kuibana. Akaniambia, "Jirani, mie juzi nimetoa damu. Na hii homa je?"

Shemeji, yaani huyo mkewe, akaingia kati, "Usiwapigie. Mtoto likimpata jambo watasema ni damu yako iliyomuua." Na mie simlaumu hata kidogo. Yule ni mtoto wa wifi yake, ndani ya familia moja, neno kama hilo likishasemwa matangani halitoki tena. Woga wake ulikuwa na maana. Lakini Fundi alikuwa ameshauliza swali lenyewe, na jibu lake ni kwamba homa inayokuja siku moja au mbili baada ya kutoa damu ni habari ambayo maabara inaihitaji kuliko karibu kitu chochote kingine unachoweza kuwaambia.

Nieleze kwa nini. Virusi vya mbu kama vya dengi na chikungunya vikishaingia mwilini havileti homa siku hiyohiyo, vinakaa siku kadhaa vikizaana, dengi mara nyingi siku 4 mpaka 10, chikungunya mara nyingi 3 mpaka 7. Na siku moja au mbili kabla ya homa kutokea, virusi tayari viko kwenye damu. Mtu anatembea, anafanya kazi, joto liko sawa, ukimuuliza una homa anakwambia sina na anasema kweli, kumbe damu yake inabeba. Tena kwa dengi watu wengi walioambukizwa, kama 3 katika kila 4, hawaugui kabisa au wanapata kijihoma cha kupita tu. Sasa damu inayotolewa Kenya inapimwa vitu vinne, ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Dengi haimo, chikungunya haimo. Na hata ungesema upime na kile kipimo cha haraka cha kinga hakingekusaidia, manake kinga inaonekana siku ya 5 ya ugonjwa hivi, wakati hatari yenyewe ni kabla ya siku ya kwanza. Kinachoweza kuvikamata virusi mapema hivo ni kipimo cha kutafuta chembechembe za urithi za kirusi chenyewe, na hicho ni mashine ya gharama. Na friji halisaidii, baridi ya nyuzi 2 mpaka 6 inayotunza damu inavitunza na virusi pia.

Kwa hivo mlango huu kwetu sisi hauna mashine ya kuufunga. Unafungwa na mtoaji damu mwenyewe akipiga simu.

Tukapiga. Ile namba kwenye kadi ni ya mezani, ya ofisini. Ikalia, ikalia, hakuna mtu, saa 12 na nusu asubuhi nani yuko ofisini. Tukangoja saa 2, ikalia tena, hakuna mtu. Mpaka leo hili linaniuma. Mtu ameshinda aibu, ameshinda woga wa nyumbani, ameshika simu kwa vidole visivyokunja, halafu anasikia mlio tu. Wangapi wangeishia hapo wakasema basi nimejaribu? Nikachukua tuktuk mwenyewe na ile kadi mfukoni.

Yule kijana wa maabara aliposoma namba ya kadi alinyamaza kidogo afu akafungua friji. Painti ya Fundi ilikuwepo, majibu ya vile vipimo vinne yalikuwa yametoka asubuhi hiyo, safi yote, stika imebandikwa. Na ilikuwa imewekwa kando. Imewekewa nani? Huyohuyo mtoto. Damu yake ilikuwa inaendelea kuvunjika, imerudi 5.3, daktari alikuwa ameagiza nyingine ya usiku, na kwenye friji zima painti ya O pozitivu iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Ile ya Jumanne ya mtu mwingine ndo ilitumika, ya mjomba ikaja kujaza pengo, na pengo likawa la mpwa wake mwenyewe.

Yule kijana akaitoa, akaizungushia plasta nyekundu, akaandika kwa kalamu nene USITUMIE MPAKA DAKTARI ASEME, akaiweka rafu ya chini peke yake. Nilimtazama akifanya, mikono yake ilikuwa taratibu sana. Hakuimwaga. Watu wengi nikiwasimulia hapa wanauliza mbona asiitupe palepale, na hapa ndo pana uzito wa kisa chenyewe.

Daktari alikuja akasimama na faili ya mtoto na akatueleza mie na mama yake bila kuficha. Mambo mawili yako kwenye mizani. Upande mmoja damu ambayo huenda ina virusi vya mbu. Upande wa pili mtoto ambaye damu yake ikishuka tena anaweza kufa usiku huu kwa kukosa damu. Na upungufu wa damu unaua kwa masaa, dengi aliyoipata mtu kwa kutundikiwa damu mara nyingi haiui. Brazil walichunguza jambo hili kwenye mlipuko wa 2012, Rio de Janeiro na Recife, wakaona zaidi ya mtu 1 kati ya 3 waliopokea damu yenye virusi vya dengi waliambukizwa, lakini walipowalinganisha na wagonjwa waliopokea damu safi hali zao hazikutofautiana sana. Singapore 2007 damu ya mtoaji mmoja ilikuwa imegawanywa kwa watu 3, wawili wakaugua dengi na wa tatu akaambukizwa bila kuugua. Kwa hivo inaambukiza kweli, hilo halina ubishi, lakini si kama ukimwi ambao ukiingia umeingia. Ila huyu ni mtoto wa sikoseli, na watu wa sikoseli dengi inaweza kuwakamata vibaya zaidi kuliko wengine, kwa hivo huwezi kusema tu mpe hakuna neno.

Akasema tutangoja kwa masharti. Mtoto yuko 5.3, hahemi tena kama Jumanne, anaongea, anakunywa uji. Kuna utafiti mkubwa unaitwa TRACT, matokeo yake yalitoka 2019, ulifanyika Uganda na Malawi chini ya Kathryn Maitland ambaye kituo chake kiko hapa jirani Kilifi, waliangalia watoto wenye damu baina ya 4 na 6 ambao hawana dalili za hatari, wakaona kuwapa damu papohapo au kuwaangalia kwa karibu kwanza hakukuleta tofauti kubwa ya vifo, ila ni sharti uwaangalie kweli, manake karibu nusu ya wale walioachwa kwanza waliishia kuhitaji damu baadaye. Kwa hivo apimwe tena kila baada ya masaa machache, akishuka chini ya 4 au akianza kuhema kwa shida anapewa hiyo ya mjomba bila kusita, na wakati huohuo Mombasa wapigiwe simu watafute O. Mama akauliza swali moja tu, "Daktari, ikifika saa hiyo mtanijulisha kabla?" Akajibiwa ndio.

Ule usiku mie nililala kwenye benchi la nje. Saa 4 damu iko 5.1. Saa 8 iko 4.9. Mama alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe kwa kidole kwenye paja lake mwenyewe, sista alimfundisha. Saa 11 alfajiri iko 4.8. Gari likafika na painti mbili kutoka Mombasa, kilomita 120, jua limeshatoka. Akatundikiwa. Hiyo ndo habari yote ya usiku ule, hakuna la ajabu lililotokea, na nashukuru hakuna.

Ijumaa Fundi akaletwa, nusura tumbebe, akapimwa kile kipimo cha dengi kinachotafuta protini ya kirusi chenyewe, NS1, ambacho kinaweza kuonesha tangu siku ya kwanza ya homa. Kikaonesha ipo. Mie kwa jinsi viungo vilivomkaba nilikuwa nimeapa ni chikungunya, kumbe dengi. Ile painti ikapelekwa kuchomwa.

Na hapa niruhusuni nitoke kidogo, manake huu ugonjwa una jina letu. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, aliyekuwa Unguja kwenye mlipuko wa 1870, aliandika kwamba wenyeji wanauita kidinga pepo, na wazee wakamwambia ulishawahi kupita miaka mingi nyuma, karibu 1823. Wengi wanaamini neno dengi lilianzia hapo, na sisi mpaka leo twasema kidingapopo. Lakini wataalamu waliokuja kusoma zile dalili alizoziandika, viungo kuuma wiki na wiki, wakasema ile ya Unguja inafanana zaidi na chikungunya. Na chikungunya nalo ni neno la Kimakonde, la kukunjika, kutoka mlipuko wa Newala kule Tanganyika 1952. Kwa hivo mimi kuchanganya homa ya Fundi si ujinga, watu wa pwani hii wamezichanganya miaka mia mbili, na bila kipimo huwezi kuzitenganisha kwa macho. Malindi yenyewe dengi ilishapigwa kengele tangu 1982, aina ya 2, hapa na Kilifi.

Lakini mie ninachokikumbuka kwa mwili ni chikungunya ya Lamu 2004. Nilikuwa shule ya msingi, twakaa Langoni. Ulikuwa ukame, maji ya shida, kila nyumba imejaza mitungi na mapipa na maji yanakaa humo siku nyingi hayabadilishwi, na mbu yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hataki zaidi ya hapo. Watu walitembea wameshika kuta za vichochoro. Babu yangu aliyekuwa hajainama kwa umri aliinamishwa kwa wiki moja. Watafiti walipokuja Oktoba kupima damu za watu wakakuta kama 75 kwa mia wameshaambukizwa, wakakadiria watu 13,500 hivi kati ya 18,000 wa huko. Sasa fikirieni, katika miezi ile mtu akitoa damu Lamu uwezekano gani alikuwa nayo? Hakuna aliyeuliza, manake hakuna aliyejua hata jina la ugonjwa mwanzoni.

Kutoka kwetu ukapita Mombasa, ukaenda Ngazija 2005, ukafika Réunion, kisiwa cha Ufaransa, ambako ulikamata kama thuluthi ya watu wa kisiwa. Na huko Réunion, Januari 2006, wakasimamisha kabisa kutoa damu kisiwani, damu nyekundu ikaletwa kwa ndege kutoka Ufaransa, na zile chembe za kugandisha damu ambazo hazikai zaidi ya siku chache wakaendelea kuzitoa hapohapo ila zipimwe virusi na zitibiwe kwa dawa na mwanga kabla ya kupewa mtu. Roma 2017 walipopata chikungunya, sehemu moja ya mji ilisimamishwa na kwengine damu ikawa inawekwa siku 5 kwanza, kama mtoaji hajapiga simu kusema anaumwa ndo inatumika. Marekani 2002 kirusi cha West Nile, nacho cha mbu, kiliwapata watu 23 kupitia damu, mwaka uliofuata wakawa wanapima damu yote.

Nayasema haya kwa sababu kuna watu walioyasikia wakaniambia basi na sisi tusimamishe kutoa damu msimu wa mbu. Hapana. Sikubaliani kabisa. Réunion walikuwa na ndege ya Ufaransa nyuma yao. Sisi tukisimamisha, mama anayevuja damu baada ya kujifungua Marafa au Gongoni analetewa damu kutoka wapi? Chikungunya kupitia damu, pamoja na milipuko yote mikubwa iliyopita duniani, sijaona kisa kilichothibitishwa wazi kwa mgonjwa, vya dengi vipo na ni vichache. Na vifo vya kukosa damu tunaviona kila msimu wa malaria. Ukiniuliza mie, kile cha Roma ndo kinatufaa, kuiweka damu siku chache pale friji linaporuhusu, na friji halitaruhusu kama hatutoi damu nyingi zaidi. Painti ya Fundi ilikuwa inatumika siku ya pili kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Zingekuwepo kumi, ingekaa, homa ingetangulia, simu ingetangulia, na hakuna mtu angelala benchini.

Jumamosi nilienda kwa Fundi tukaangalia nyuma ya nyumba. Pipa la bluu, limefunikwa kwa gunia, na gunia limetoboka. Nikamulika tochi ya simu, viluwiluwi wamejaa wanapanda wanashuka. Lamu nyumba za zamani zilikuwa na birika la maji bafuni, na ndani ya birika walikuwa wakiweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini kabisa wanatia bakuli ya kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Bibi yangu aliwalisha wale samaki makombo ya mkate. Nikamsimulia shemeji, akacheka, afu akashika brashi tukasugua pipa ndani, manake mayai ya mbu huyu yanashika ukutani pale maji yanapoishia na ukimwaga maji tu yanabaki yanangoja. Tukafunika kwa kitambaa cha neti na kamba.

Mtoto alitoka Jumatatu na damu 8. Fundi vidole vilimchukua karibu mwezi kurudi kwenye makuti. Na familia, alhamdulillahi, hakuna aliyetamka lile neno. Shemeji ndiye aliyemsimulia wifi yake mwenyewe, wamekaa jikoni, alianza na "nilimwambia asipige" na akalia, na mwenzake akamshika mkono.

Mie nilirudi pale hospitali na ombi moja, namba ya simu ya mkononi kwenye ile kadi, na mtu wa kupokea, na mtoaji aambiwe kwa mdomo wakati anakunywa soda yake kwamba ukipata homa ndani ya wiki mbili tupigie, hatukugombezi, hatumwambii mtu. Nilirudi mara tatu. Wiki jana Fundi amefikisha miezi minne, amepona sawasawa, akaenda kutoa tena, mkono uleule wa kushoto, na aliporudi akanionesha kadi. Namba ya mezani imepigwa mstari. Juu yake kuna namba ya mkononi kwa wino wa bluu, na pembeni mtu ameandika: hata usiku.